Mama wa bi harusi hasimami nje



Leo tunataka kuzungumza habari ya harusi moja ya kwenye sinema. Harusi yenyewe ni ya Kimarekani, ya mwaka 1925, wala si ya watu wa dini yetu. Lakini tuliitazama jioni moja cherehani zimeshazimwa, wasichana wetu wawili wakalia, na tangu siku hiyo hatuachi kubishana. Bi harusi yumo ndani ya nyumba kubwa, kavaa shela, taa zinawaka. Mama aliyemzaa yuko nje barabarani, mvua inamnyeshea, kasimama kwenye uzio wa chuma anatazama dirishani. Askari anakuja kumwambia aondoke. Yeye anaomba aachwe kidogo amalizie kutazama, kisha anakwenda zake na uso wenye furaha na machozi pamoja. Picha inaishia hapo.

Kila aliyeitazama anasema: huyo ndiye mama. Na sisi hatukatai kwamba ni mama. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Picha inaitwa Stella Dallas. Kitabu chake aliandika Bibi Olive Higgins Prouty mwaka 1923, na miaka miwili baadaye Samuel Goldwyn akaitoa sinema, mwongozaji akiwa Henry King. Hadithi aliipanga Frances Marion, mwanamke aliyekuwa na jina kubwa Hollywood kwa kazi hiyo. Ni sinema bubu, yaani waigizaji wanatembeza midomo na wewe husikii kitu, ila mara kwa mara yanatokea maandishi ya kukueleza kilichosemwa. Msidhani inachosha. Sisi ambao Kiingereza chetu ni cha kuungaunga tuliifuata kuliko picha nyingi za siku hizi, kwa sababu kila kitu kiko usoni. Belle Bennett, aliyecheza kama Stella, akitikisa kidevu tu unajua limemchoma. Picha hiyo ilirudiwa tena mwaka 1937 yenye sauti, Barbara Stanwyck akawa Stella, na hiyo ndiyo inayojulikana zaidi. Sisi tunazungumzia ile ya kwanza.

Hadithi kwa ufupi. Stephen Dallas ni mtoto wa watu wenye mali. Baba yake anajiua kwa aibu ya fedha, kijana anakimbilia mji mdogo kufanya kazi, na huko anamuoa Stella, binti wa watu wa chini. Wanapata mtoto wa kike, Laurel. Mume hampendezi tena mkewe: anacheka kwa sauti, anavaa vya kung'ara, anazungumza na watu ambao yeye hawataki. Anapata kazi New York, anakwenda, mke na mtoto wanabaki. Huko New York yuko Helen, mwanamke aliyempenda zamani, sasa mjane, mpole, mwenye nyumba safi na watoto wenye adabu. Laurel akienda kumtembelea baba yake anaiona nyumba hiyo, anaona jinsi watu wanavyokaa mezani, jinsi wanavyozungumza kwa sauti ya chini. Anaipenda. Halafu anarudi kwa mama yake, naye anampenda.

Hapo ndipo binti yule anapovutwa huku na huku. Na tunataka wasomaji wetu waone vizuri kwamba havutwi baina ya mwema na mwovu. Ingekuwa hivyo isingekuwa na maneno, hata mtoto mdogo angejua aende wapi. Huku kuna mama anayempenda kwa roho yake yote, na huku kuna maisha ambayo mama huyo hawezi kumpa.

Kuna sehemu ya siku ya kuzaliwa. Laurel anatimiza miaka 10. Meza imepangwa, viti vimewekwa, mtoto kavalishwa, anasubiri wenzake. Hatokei hata mmoja. Wazazi wao wamesikia maneno juu ya Stella, kwamba alionekana na Ed Munn, mwanamume mlevi mwenye makelele, wakicheka hadharani, basi wakawazuia watoto. Mama na mtoto wanakaa wawili kwenye meza ile ndefu. Hakuna sauti, na hakuna aliyepaza sauti pale tulipokuwa tumekaa pia. Sisi tumepika pilau la watu mia tukaona wamekuja thelathini, tunajua sahani zisizoguswa zinavyomtazama mtu.

Lakini sehemu iliyotushika sisi kama washonaji ni ile ya hotelini. Laurel keshakuwa msichana mkubwa. Mama yake anampeleka mahali wanapopumzika matajiri, huko anapendana na kijana anayeitwa Richard. (Aliyecheza Laurel, Lois Moran, alikuwa na miaka 16. Aliyecheza Richard, Douglas Fairbanks mdogo, alikuwa hajatimiza hata 16, wamembandika masharubu. Mkimtazama vizuri mtacheka.) Siku za mwanzo Stella hatoki chumbani. Siku anayotoka, kajipamba kila alichonacho, kwa sababu ni siku ya kumtoa mwanawe mbele za watu. Vijana wanamwona, wanacheka. Wanamcheka mbele ya Laurel bila kujua huyo ni mama yake.

Dada zetu, dhambi ya mwanamke huyu ni nini? Tumeitafuta picha nzima hatukuiona. Hakuiba. Hakumtupa mtoto. Ed Munn alikuwa rafiki wa kufanya nae mzaha, na sisi kwa dini yetu hatuungi mkono urafiki wa namna hiyo, hilo tuliseme wazi. Lakini waliomcheka pale hotelini walikuwa hawamjui Ed Munn. Walimcheka marinda. Walicheka manyoya ya kofia na mapambo mengi mno kwa mtu wa umri wake. Na kitabuni mwanamke huyohuyo ndiye aliyekuwa akimshonea Laurel nguo kwa mkono wake, na nguo za Laurel zikisifiwa kila anapokwenda. Yaani sindano anaijua. Kwa mwanawe ana jicho la kupima kisichozidi wala kisichopungua, kwake mwenyewe jicho hilo linapotea. Sisi tunawajua kina mama wa hivyo. Wanakuja na binti, wanasimama juu ya kichwa chetu mpaka mshono wa bega ukae sawa, halafu wao wenyewe wanasema, mimi nikatieni tu chochote, na chochote hicho kina shanga za kilo mbili.

Usiku wanaondoka kwa treni, Laurel hakumwambia mama yake sababu. Wamelala kwenye vitanda vya behewa, mapazia yamefungwa, na wasichana wengine wanaanza kumzungumza yule mama wa kichekesho na jinsi binti yake asivyoweza kupata mume wa maana akiwa naye. Stella anasikia. Laurel naye anasikia, na anaogopa kwamba mama kasikia. Anashuka kitandani kwake, anakwenda kulala ubavuni mwa mama. Na mama anafumba macho, anajifanya kalala, ili mtoto asijue kwamba amejua.

Kwa hiyo kila mmoja anamficha mwenzake aibu ileile. Tuliiona sehemu hiyo mara mbili.

Baada ya hapo Stella anakwenda mwenyewe kwa Helen. Talaka aliyokuwa akiikataa sasa anaikubali, ili Stephen amuoe Helen na Laurel aishi nao. Laurel anapojua kilichopangwa anakataa, anarudi kwa mama. Anasema kwake ni pale. Tafadhali mlishike hilo, maana wengi wanaosimulia picha hii wanamfanya binti kama mtu aliyependa raha akamtupa mzazi. Hakumtupa. Alishachagua. Ni mama aliyemvunjia uchaguzi wake, na kwa uongo: anajifanya kachoka kulea, anataka kuolewa na Ed Munn, mtoto anamzibia njia. Anafanya mpaka Laurel amchukie kidogo, kiasi cha kuweza kuondoka.

Hapa ndipo ubishi wetu ulipo. Wenzetu wengine wanasema mama alitoa radhi mwenyewe, na radhi ya mama ikishatoka, mtoto hana lawama. Sisi tunasema radhi ya Stella haikutolewa kwa furaha, ilikamuliwa na vicheko vya watu. Mama akiambiwa kila siku, kwa macho na kwa minong'ono, kwamba yeye ni doa kwenye shela ya mwanawe, mwisho atajifuta mwenyewe, na kila mtu atasema jamani, mama huyo ana moyo. Moyo anao. Lakini waliomfikisha hapo mbona hawatajwi?

Na uongo ule uliharibu kitu. Laurel aliolewa akiamini mama yake hakumtaka. Huo ndio uliokuwa mzigo wake siku ya harusi, chini ya shela. Mama aliona kampa mtoto dunia, lakini kamnyima kujua kwamba alipendwa. Sisi hatuoni kwamba ni biashara nzuri hiyo.

Dini yetu imeliweka jambo la mama mahali ambapo hata tukitaka kulizunguka hatuwezi. Mnaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ni nani anayestahiki zaidi wema wake, akajibiwa mama mara tatu kabla ya baba kutajwa. Mnaijua Suratul Luqman, aya ya 14 inavyotaja mimba iliyobebwa udhaifu juu ya udhaifu, na aya ya 15 inavyosema hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Allah usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kama mzazi anayekuita kwenye shirki bado anakaliwa kwa wema, mzazi mwenye marinda mengi atakuwaje?

Lakini kisa kinachofanana zaidi na cha Laurel ni cha Bibi Asmaa binti Abubakar, Allah awe radhi nao. Mama yake, Qutayla, Sayyidna Abubakar alikuwa keshamwacha tangu zamani za ujahilia, na alikuwa hajasilimu. Siku moja akaja Madina kumtazama mwanawe. Tafakari hali ya binti huyo: baba ni Abubakar, dini iko huku, watu wake wote wako huku, na mama mtalaka mshirikina kasimama mlangoni kaja kwa mapenzi. Baadhi ya riwaya zinasema alileta na zawadi, na Asmaa hakuzipokea wala hakumkaribisha ndani mpaka kwanza amuulize Mtume. Akauliza kama amuunge mama yake. Akaambiwa ndiyo, amuunge. Hakuambiwa afungue pazia amwache atazame kutoka nje. Mlango ulifunguliwa.

Tunasema habari ya pazia kwa sababu ya Helen. Kwenye harusi ya Laurel mapazia hayakufungwa, ndiyo maana yule mama aliweza kuona kitu kutoka barabarani. Wapo wanaomchukia Helen kwa kuwa ni mke wa baba, sisi hatumo. Helen anamheshimu Stella kuliko mtu mwingine yeyote kwenye picha ile, na ndiye pekee anayeelewa Stella amefanya nini. Mama wa kambo kama huyo ukimpata mshukuru Mungu. Lakini shukrani hiyo haibadilishi kwamba yeye yuko ndani penye joto.

Na Stephen? Jamani, Stephen anapita tu. Alimuoa mwanamke akijua ni nani, akaja kumwonea aibu, akahamia mji mwingine, na mwisho kasimama kwenye harusi ya mwanawe na mke mpya. Kwa kuwa aliyemcheza ni Ronald Colman, na Ronald Colman alikuwa mwanamume mzuri wa sura, watu hawamuulizi. Shoga yetu mmoja alisema, kule kwao mke ni mmoja tu, basi ili Helen aingie ilibidi Stella atoke. Tukacheka. Halafu tukanyamaza, kwa sababu habari za uke wenza nazo tunazijua, na leo hatuingii huko.

Sasa tuje kwetu, maana hatukuandika haya kwa ajili ya Hollywood.

Sisi tunaoshona nguo za harusi tunaona mambo ambayo wapiga picha hawaoni. Tunaona nani analetwa kupimwa na nani haletwi. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka shamba, upande wa mashariki, mkulima wa mwani, vidole vimekauka kwa maji ya chumvi. Binti yake anaolewa ukumbini mjini, gharama za ukumbi kalipa baba, na mke wa baba ndiye aliyechagua sare na rangi. Mama yule alikuja peke yake. Tukamtolea vitambaa. Akasema yeye anataka dira la rangi isiyochafuka upesi, kwa sababu atakuwa nyuma kwenye masufuria. Tukamuuliza, mama, wewe si ndiye mzazi? Akasema, ndiyo, lakini pale mbele watakaa wenye kujua kukaa.

Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayekueleza basi la saa ngapi. Ndiyo maana tunasema Stella Dallas si Mmarekani peke yake.

Binti mwenyewe alikuja wiki iliyofuata kujaribu gauni. Hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa mtoto wa watu aliyechoka, baba anampigia simu huku, somo wake huku, mke wa baba anauliza mikono iwe mirefu au ya lesi. Tulipomuuliza mama atakaa wapi, alitutazama kama kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akasema mama kasema mwenyewe anapenda kuwa jikoni. Yaani na yeye kaambiwa uongo wa mapenzi, akauamini, kwa sababu kuuamini kulikuwa kwepesi.

Mabinti mnaoolewa, hapa ndipo tunapowaomba. Mama akikuambia anapenda kukaa nyuma, usiitikie mara ya kwanza. Muulize tena mkiwa wawili tu. Kina mama zetu wamefundishwa kujitoa tangu wadogo, na anayejitoa hakuambii anajitoa, anakuambia mguu unamuuma, au hapendi makelele ya ukumbini, au gauni halimkai. Baba yako ndiye walii wako na haki yake hakuna anayeigusa, hata kama kamwacha mama yako miaka ishirini. Ndoa itafungwa msikitini kwa mkono wake. Lakini wazee wetu kwenye mambo ya posa waliweka kilemba cha baba wakaweka na mkaja wa mama, na mkaja ni ule mshipi aliofungwa tumbo alipokuzaa. Hautajwi kwa mke wa baba, hata awe mwema kama Helen. Aliyefungwa mkaja anajulikana.

Na tuseme na ya nguo, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Sare ya familia ikipangwa kwa bei ambayo mama au shangazi wa shamba haiwezi, huyo keshatolewa nje kabla kadi hazijaandikwa, na hakuna aliyemfukuza. Tunaona kundi la kina mama likija kuchukua nguo, tunahesabu, tunajua nani hayumo. Kuna mabi harusi wachache, Allah awabariki, wanaokuja kwetu na kitambaa cha mama kwanza, kabla hata cha shela, wanasema rangi ya wengine itafuata hii. Gharama yake ni ileile. Ni mpango tu ndio umegeuzwa.

Kama mama yako anapenda kung'ara, mwache ang'are. Usituletee ujumbe wa kisirisiri kwamba tumpunguzie shanga bila yeye kujua, maana tumeshaletewa, na tulikataa. Mkae naye mzungumze mbele yetu. Mara nyingi akiona vimepangwa kwenye kitambaa mwenyewe anasema hapa pamezidi. Na akikataa kupunguza, basi siku ile wageni watapata cha kusema njiani wakirudi. Watasema tu, hata ukimvika nyeupe tupu.

Picha yenyewe ina urefu wa karibu saa mbili, na kule Marekani haina tena mwenyewe tangu mwaka 2021, kwa hiyo kuipata mtandaoni si kazi. Kuna kunywa pombe ndani yake na mavazi yasiyo yetu, mwenye kuchukizwa na hayo ajue mapema. Sisi tumepanga kuitazama tena mwezi ujao pamoja na kina mama zetu watatu, na mmoja wao keshatuambia kwamba Stella alifanya sawasawa na kwamba sisi, kwa kuwa hatujaoza watoto, hatujui tunachokisema.